Nimesamehe, mbona bado naumia?

Dada yangu wa Korogwe,

Barua yako imeniuma. Kaka yako, msimamizi wa mirathi ya baba yenu, ameuza shamba bila kuwashirikisha na hela hamkuiona. Kwenye kikao cha ukoo, mbele ya mama na wazee, ukasema umemsamehe. Sasa kila ukisikia sauti yake uani kifua kinakubana, na shangazi anadai msamaha wako ni wa mdomoni tu. Unaniuliza kama ulidanganya.

Hukudanganya, na uchungu huo si roho mbaya. Joseph Butler, mhubiri wa Uingereza aliyekuja kuwa askofu, alilichambua jambo hili katika mahubiri aliyoyachapisha mwaka 1726. Alifundisha kwamba hasira ya aliyedhulumiwa imewekwa ndani yetu na Mungu mwenyewe, itukinge na dhuluma. Kosa ni kuiacha ipite kiasi au izae kisasi. Mimi nakubaliana naye kabisa. Basi jipime hapo. Unamwombea mabaya? Unafurahi mwanawe akifeli? Umeandika kwamba mkewe alipojifungua ni wewe uliyemkanda maji ya moto. Mtu mwenye kisasi hafanyi hivyo. Umesamehe, hata kama kifua bado kinabana, na huenda kikabana miaka.

Wanaonikera ni hao wanaokuharakisha. Kule Afrika Kusini, Tume ya Ukweli na Upatanisho iliyoongozwa na Askofu Mkuu Desmond Tutu iliwataka waliotenda maovu, wakiomba kinga ya kutoshtakiwa, waseme kwanza yote waliyoyafanya. Waliotendewa hawakulazimishwa kusamehe. Kwenu mambo yameanzia kwako! Kaka hajaulizwa hata shamba liliuzwa kwa bei gani.

Muulize. Msimamizi wa mirathi anawajibika kuipa mahakama orodha ya mali na hesabu ya namna ilivyogawiwa, na kuidai hesabu hiyo hakutengui msamaha wako. Wala usimkabidhi hati ya nyumba iliyobaki eti kwa kuwa mmepatana. Kuaminiwa tena ni kazi yake, aifanye.

Mama anasema hataki kufa mkiwa hamsemezani. Mweleze bila kumficha: kaka utamsalimia, kwenye misiba na harusi zake utakwenda, na hesabu utaidai. Kisha mwombe aitishe kikao kingine, na safari hii aanze kuzungumza kaka.