Utomvu wa mwembe juu ya gari: weka esansi mbali



Tangu mwezi wa kumi mpaka mwezi wa kumi na mbili, huku Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, maembe yanaiva. Kivuli cha mwembe ni kizuri, na kila mwenye gari anakitafuta. Jioni anakuta juu ya rangi madoa meusi yanayonata. Anafanya nini? Wengi wanaita mtoto: «Lete chupa ya esansi na kitambaa!» Hapo hatari inaanza, na leo tutasema juu ya ile chupa kabla ya kusema juu ya doa.

Esansi inatoa mvuke hata wakati wa baridi. Mvuke huo hauonekani, tena ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu, unatambaa chini, unavuka lupango, unafika kwenye mbabula ambapo mama anapika bukari. Moto ukishika huko, unarudi kwa njia ile ile mpaka kwenye kitambaa ulichoshika mkononi.

Na esansi iliyobaki, unaiweka wapi? Mara nyingi ndani ya chupa ya limonadi, nyuma ya mlango. Mtoto wa miaka miwili anajua limonadi, hajui esansi. Akimeza kidogo na kukohoa, mafuta yale yanaingia katika mapafu. Mkimtapisha, yanapita kooni mara ya pili, na mapafu yanaumia zaidi. Kwa hiyo, mtoto aliyekunywa esansi au petroli ya taa, msimtapishe hata kidogo. Msimpe maziwa wala mafuta ya mawese. Hayaondoi sumu hiyo. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa maji na sabuni, mpelekeni hospitali mara moja, na chupa mwichukue ili munganga aone alichokunywa. Hata kama anacheza bado, mpelekeni: kikohozi na taabu ya kupumua vinaweza kuanza saa kadhaa nyuma.

Wewe baba unayenyonya esansi kwa mpira kutoka tanki, ujue kwamba mapafu yako si ya chuma. Hatari ni ile ile.

Sasa tuje kwenye doa. Kwanza ulitambue. Chini ya jakaranda, mara nyingi kinachonata si utomvu, ni maji ya sukari yanayotolewa na vidudu vidogo vinavyonyonya majani. Maji ya vuguvugu na sabuni yanatosha.

Utomvu wa mwembe ni kitu kingine: una mafuta ndani yake, na maji peke yake hayauwezi. Weka gari kivulini mpaka bati lipoe. Osha vumbi lote kwanza, maana mchanga wa njia zetu unakwaruza rangi kuliko utomvu wenyewe. Kisha lowesha kitambaa cha pamba kwa maji ya moto kiasi, kilaze juu ya doa dakika chache. Pakaa mafuta ya kupikia, ngoja dakika 10, futa polepole bila kukandamiza. Rudia mara mbili au tatu. Doa la siku nyingi linataka uvumilivu. Mwishoni osha kwa sabuni, mafuta yasibaki kuvuta vumbi. Kisu, wembe na sufu ya chuma viache nyumbani.

Doa likikataa, tumia alkoli ya farmasi, matone machache tu juu ya kitambaa. Nayo inawaka moto, basi ufanye kazi nje, bila sigara, mbali na mbabula. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, na usiiguse kabisa rangi iliyopakwa upya karibuni: inaweza kuyeyuka.

Linda mikono vilevile. Utomvu mbichi wa embe unachoma ngozi na kuleta malengelenge, hasa kwa watoto wanaochuma matunda na kuuma kikonyo kwa meno. Sabuni na maji mengi, mara moja. Ukiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda dispanseri.

Na kesho, sogeza gari mita chache kutoka mwembe. Embe bichi likianguka kutoka juu linabonyeza bati, na hakuna mafuta ya kupikia yatakayolinyoosha.