Kocha Mpya wa Kentucky na Kosa Nililolikuta Darasani

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Machi 2024 nilikuwa macho hosteli, simu nimeiegemeza kwenye daftari, bando linakaribia kukata. Huku kwetu ilikuwa saa nane usiku imepita, kule Pittsburgh, Marekani, ilikuwa jioni. Kentucky walikuwa wanacheza mpira wa kikapu na Oakland, chuo ambacho mimi sikuwahi hata kukisikia. Kijana mmoja wa Oakland, Jack Gohlke, akafunga mitupo kumi ya pointi tatu, na mechi ikaisha 80 kwa 76. Tumetolewa raundi ya kwanza. Mwenzangu wa chumbani akaamka, akanitazama, akauliza nimefiwa na nani.

Najua swali lako, msomaji. Mtu wa hapa na Kentucky wapi na wapi? Mimi nilianza na Hasheem Thabeet, kama watoto wengi wa umri wangu waliosimuliwa habari zake. Kijana wa Dar es Salaam aliyechezea Chuo Kikuu cha Connecticut, kisha mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kuingia NBA. Kwa haki ningeshabikia Connecticut. Lakini kaka yangu aliniletea fulana ya mtumba kutoka Karume, ya buluu, imeandikwa Kentucky kifuani, na mtoto hashindani na fulana. Nikaifuatilia timu ya fulana yangu mpaka leo.

Siku 19 baada ya kipigo kile, kocha mkuu John Calipari alitangaza kuondoka, na siku iliyofuata akawa kocha wa Arkansas. Alikuwa amekaa Kentucky tangu 2009, alichukua ubingwa wa 2012, na mwaka 2015 timu yake ilishinda mechi 38 mfululizo kabla ya kufungwa kwenye nusu fainali. Lakini tangu 2019 hakuwa ameifikisha hatua ya timu 16 bora. Kumfukuza kungekigharimu chuo zaidi ya dola milioni 30. Basi akaondoka mwenyewe, na nafasi ikawa wazi.

Nataka kukueleza jinsi nilivyowapima waliotajwa kuirithi nafasi ile, nilivyokosea, na ni kwa nini kosa lile nilikuja kulikuta tena mahali ambapo halikuwa la mchezo.

Kwanza tuelewane kwa nini kocha ni jambo zito. Katika mpira wa vyuo vya Marekani wachezaji ni wapita njia. Wakali wanakaa mwaka mmoja tu, wanakwenda NBA. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhamia chuo kingine na kucheza msimu unaofuata bila kukaa benchi mwaka mzima, na anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na picha yake. Kwa hiyo timu unayoishangilia Machi hii, Novemba inaweza isiwepo. Anayebaki ni kocha. Ukimchagua kocha umechagua timu ya miaka kumi. Na Kentucky si timu ya kubahatisha: ina ubingwa wa taifa mara nane.

Nikachukua kalamu, nikaandika majina manne, na mbele ya kila jina nikaweka vikombe vyake.

Dan Hurley wa Connecticut, vikombe viwili. Cha pili alikuwa amekitwaa tarehe 8 Aprili, siku moja tu kabla Calipari hajatangaza. Billy Donovan, vikombe viwili akiwa na Florida, 2006 na 2007. Wakati huo alikuwa akifundisha Chicago Bulls ya NBA, na zamani aliwahi kuwa kocha msaidizi hapo hapo Kentucky. Scott Drew wa Baylor, kikombe kimoja, 2021. Wa mwisho, ambaye nilimwongeza kwa sababu tu jina lake lilikuwa likitajwa, Mark Pope wa BYU. Vikombe sifuri. Siyo vikombe tu, hakuwa ameshinda hata mechi moja ya mashindano ya taifa akiwa kocha mkuu. Kibaya zaidi, siku ileile Kentucky walipotolewa na Oakland, BYU yake nayo ilitolewa na Duquesne, 71 kwa 67.

Chini ya jina la Pope nikaandika, nakumbuka vizuri: “Huyu wa nini?”

Hurley akabaki kwake. Donovan akabaki Chicago. Drew, ambaye ndiye niliyemtaka, tarehe 11 Aprili akasema anabaki Baylor. Kesho yake, tarehe 12, mkurugenzi wa michezo Mitch Barnhart akamtangaza Pope. Nilivua fulana, nikaikunja, nikaitia chini ya godoro. Naandika haya kwa aibu kidogo.

Miezi mitatu baadaye nikaenda mazoezi ya kufundisha, ile tunayoiita field. Nilipangiwa sekondari moja ya kata, somo la Historia, kidato cha pili. Mwalimu niliyempokea alikuwa amehamishwa, na wanafunzi walimpenda hasa. Siku ya kwanza kabla sijafuta ubao mkono ukapanda nyuma: “Mwalimu, mwalimu wetu anarudi lini?” Mapumziko nikapita karibu na bomba la maji, nikasikia sauti mbili zikinijadili. Moja ikasema, “Achana naye, huyu wa field tu.”

Nilicheka kwa nje. Kwa ndani nikaikumbuka karatasi yangu.

Wiki ya nne nikatoa jaribio. Wanafunzi 61, waliofaulu hawakufika 20. Nikaenda ofisini kwa mwalimu msimamizi wangu, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi. Nikamwamkia, nikaweka karatasi mezani, nikaanza kueleza kwamba darasa hili lilipokewa bovu, kwamba mwalimu aliyetangulia alipendwa lakini hakufundisha. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Sawa, mwalimu. Ulipowapokea walikuwa wapi?”

Sikuwa na jibu. Sikuwapa jaribio lolote wiki ya kwanza. Niliingia darasani nikaanza kumwaga noti. Sasa namlaumu mtu kwa matokeo, na sina namba hata moja ya mwanzo ya kusimamia. Yawezekana mwalimu yule aliwatoa mbali. Yawezekana mimi ndiye niliyewarudisha nyuma. Ningejuaje?

Hapo ndipo somo la upimaji na tathmini, ambalo darasani niliandika noti zake nikisinzia, likaniingia. Kipimo halali ni kile kinachopima kitu ulichokusudia kupima. Shule inayochagua wanafunzi waliofaulu sana darasa la saba ikitoa divisheni wani, huwezi kujua ni kazi ya mwalimu au ya watoto waliokuja wakiwa tayari wanajua. Mwalimu wa shule ya kata aliyepokea watoto wasiosoma vizuri akawafikisha divisheni thrii anaweza kuwa amefanya kazi kubwa kuliko yule wa divisheni wani. Kombe ni divisheni. Linasema mtu alifika wapi, halisemi alianzia wapi.

Jioni ile nikairudia orodha yangu ya Kentucky. Safari hii kila jina nikaliuliza maswali matatu.

Swali la kwanza: alipokea nini, akakifanya nini? Hurley aliipokea Connecticut mwaka 2018 ikiwa imetoka kwenye misimu miwili ya kufungwa mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Miaka mitano baadaye ikawa bingwa. Drew ndiye anayetisha zaidi. Aliipokea Baylor mwaka 2003 akiwa na miaka 32, baada ya mchezaji mmoja kuuawa na kashfa iliyomwondoa kocha aliyekuwepo. Palikuwa jivu tupu. Mwaka 2021 aliifunga Gonzaga 86 kwa 70 kwenye fainali. Na Pope? BYU ilikuwa inaingia ligi mpya ngumu, Big 12, msimu wa 2023/24, na makocha wa ligi hiyo walitabiri kuwa itamaliza ya 13 kati ya timu 14. Ilishinda mechi 10 kati ya 18 za ligi. Mimi nilikuwa nimeandika sifuri.

Swali la pili: kazi aliyoifanya ndiyo kazi hii? Donovan aliondoka mpira wa vyuo mwaka 2015. Vikombe vyake ni vya kweli, ila ni vya darasa ambalo halipo tena. Siku zile mchezaji akihama chuo alikaa nje mwaka mzima, na kumlipa ilikuwa kosa. Mwalimu hodari wa mtaala wa zamani anaweza kujifunza mtaala mpya, sikatai, lakini huwezi kumpa alama za mtihani asioufanya.

Swali la tatu: anaitaka? Hili mashabiki hatuliulizi kabisa. Tunapanga majina kama tunachagua nyanya sokoni, tukisahau kwamba nyanya hii ina mke, watoto, wachezaji iliowaahidi na mji inaoupenda. Kwa swali la kwanza Drew alikuwa bora, na bado naamini hivyo. Lakini alisema hapana. Hurley, miezi miwili baadaye, aliikataa hata Los Angeles Lakers. Pope alikuwa nahodha wa kikosi cha Kentucky kilichochukua ubingwa wa 1996. Baada ya kucheza NBA alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Columbia, akaacha ili aingie kwenye ukocha kuanzia kazi za chini. Mtu aliyeacha udaktari kwa ajili ya mpira huna haja ya kumuuliza mara mbili kama anaitaka kazi. Siku ya kumtambulisha, tarehe 14 Aprili, mashabiki waliujaza ukumbi wa Rupp Arena hapo Lexington, na humo walikuwemo waliokuwa wamenuna kama mimi siku mbili kabla.

Nitaje na matokeo, maana najua utayauliza. Pope alianza karibu na kikosi kizima kipya. Wengine walikwenda NBA, Reed Sheppard akiwa wa tatu kuchaguliwa mwaka ule, wengine walimfuata Calipari Arkansas. Novemba 2024 waliifunga Duke 77 kwa 72. Januari waliifunga Florida 106 kwa 100, Florida hiyohiyo iliyokuja kuwa bingwa. Wakamaliza msimu na ushindi 24 na vipigo 12, na wakafika timu 16 bora kwa mara ya kwanza tangu 2019, kabla ya kutolewa na Tennessee.

Lakini sitaki usome matokeo hayo kama uthibitisho kwamba Pope alikuwa chaguo sahihi, maana nitakuwa nimerudia kosa lilelile: kusoma divisheni nikaiita mwalimu. Msimu mmoja ni jaribio moja. Na tarehe 1 Februari 2025 Calipari alirudi Rupp Arena na Arkansas yake, akatufunga 89 kwa 79. Usiku ule ungeniuliza nani kocha bora ningekujibu kwa hasira, na hasira si kipimo.

Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kidogo zaidi. Nilipoandika “Huyu wa nini?” sikuwa nimempima Pope. Nilikuwa nimepima umaarufu wake kwangu, yaani nilipima nafsi yangu. Wale vijana wa bombani nao hawakunipima mimi, walipima huzuni ya kuachwa na mwalimu waliyempenda. Walikuwa na haki ya kuhuzunika. Mimi nilipaswa kujua tofauti, kwa sababu kupima watu ndiyo kazi ninayosomea.

Wiki tatu za mwisho za field nilifanya kitu kidogo. Kila nilipoanza mada mpya niliwapa maswali matano ya haraka, bila alama, bila fimbo, ili nijue wanaanzia wapi. Mwisho wa mada niliwapa matano mengine ya aina hiyohiyo. Mada ya mwisho ilikuwa Vita vya Majimaji. Mwanzoni wengi walipata moja au mawili, mwishoni wengi wakapata matatu. Ukiwapangia divisheni bado ni matokeo ya kawaida tu. Lakini safari hii nilijua walikotoka, na wao pia walijua. Msichana mmoja wa dawati la mbele alitoka sifuri hadi tatu, na akaomba karatasi zote mbili akae nazo.

Basi wenzangu wa ualimu, mwaka huu mkipangiwa shule, wiki ya kwanza msikimbilie noti. Wapeni jaribio dogo na mlitunze. Likusaidie kuwahukumu kwa haki, likusaidie kuhukumiwa kwa haki. Na ukimkuta mwalimu wa darasa kapendwa kuliko wewe, usishindane na jina lake.

Fulana nimeitoa chini ya godoro. Imepauka mabegani na herufi ya mwisho inakaribia kufutika. Novemba ikifika nitaivaa saa nane usiku, na mwenzangu wa chumbani ameshaniambia atakwenda kulala kwa jirani.