Mwani au Sumu? Nafasi ya Istilahi katika Vipaumbele vya Utafiti wa Ziwa Viktoria

Utangulizi

Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sehemu ya Kenya ni takribani asilimia 6 tu. Humo ndimo ilimo Ghuba ya Winam, yenye kina kifupi na maji yasiyochanganyika kwa wepesi na yale ya ziwa kuu. Asembo Bay iko kwenye ukingo wa kaskazini wa ghuba hiyo. Makala haya yanajadili ni tishio lipi litangulizwe katika utafiti wa ziwa, na yanadai kwamba istilahi ni sehemu ya jibu.

Yaonekanayo na yasiyoonekana

Tangu miaka ya 1990, gugu maji limevuta macho ya wengi kwa kuwa huziba gati na kunasa mitumbwi. Matishio mapya hayajitangazi hivyo. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliothibitisha chembe za plastiki katika asilimia 20 ya sangara na sato waliochunguzwa kutoka soko la Mwanza. Katika Winam, mbolea ya mashambani na majitaka ya miji hurutubisha bakteria wa rangi ya kijani-buluu, ambao baadhi yao hutoa sumu inayodhuru ini. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu, lakini hakuiondoi sumu hiyo. Kwa hiyo, tukitumia kipimo cha uhai wa binadamu, tishio hili ndilo litangulie, maana mama achotaye maji ziwani hawezi kuikinga jamaa yake kwa njia aliyofundishwa.

Suala la jina

Kwa Kiswahili, utando wa viumbe hao mara nyingi huitwa mwani. Lakini huko Zanzibar mwani ni zao linalopandwa, kuanikwa na kuuzwa. Jina moja, basi, hubeba riziki ya pwani na hatari ya ziwani. Tena viumbe hao si mimea. Asomaye tangazo kwamba maji yana mwani hana sababu ya kushtuka. Istilahi elezi kama "utando wa sumu" ingemwonya mapema zaidi.

Hata hivyo, lugha ya nyumbani Asembo ni Kidholuo. Mwanaistilahi hana budi kuanza kwa kuwasikiliza wavuvi wanavyoyaeleza maji yanapobadilika rangi, ndipo atafute neno la Kiswahili litakaloeleweka Kisumu, Musoma na Mwanza.

Hitimisho

Vipaumbele vinavyopendekezwa ni vitatu: kupima sumu mahali hasa watu wachotapo maji, kufuatilia chanzo cha virutubisho, na kukusanya na kusanifisha majina ya matishio. Viwili vya kwanza ni vya wanasayansi. Cha tatu ni cha wanafunzi wa Kiswahili, nacho hakihitaji maabara. Usipoziba ufa utajenga ukuta.