Tumtembelee mgonjwa, na tumgeuze

Jumuiya zetu ndogo ndogo huwatembelea wagonjwa na kusali nao, nalo ni jambo jema. Lakini sisi wauguzi hupokea wodini wagonjwa waliosaliwa kila juma huku migongo yao ikioza. Nasi tumo: tuliwahi kusali na mzee mmoja bila kufunua shuka, hadi harufu ikatuaibisha.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku pia. Uzito wa mwili huzuia damu kufika kwenye ngozi ya makalio, nyonga na visigino, nayo ngozi hufa. Mnyanyueni watu wawili. Msimburute, kwani shuka humchubua. Akijikojolea, aoshwe na kukaushwa mara moja. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu upesi, kwa hiyo papaseni: penye joto au pagumu asipalalie, wala msipasugue. Kidonda kikifunguka, mpelekeni zahanati.

Bwana alijifunga kitambaa akaosha miguu yenye vumbi. Binti anayemuuguza mama yake peke yake halali usingizi. Jumuiya ipange zamu za watu wawili wawili, pamoja na ile ya saa 8 usiku.