Bibi Ameanguka: Kumwinua tu Haitoshi

Hapa Tunduma bibi akianguka uani, nani huitwa? Mara nyingi si ambulensi, ni wewe. Mnamshika, mnamkalisha kitini, anasema, "Sijambo, wajukuu zangu." Watu wanatawanyika. Je, kazi imekwisha? Bado!

Hata Uingereza wahudumu wa ambulensi huitwa kuinua wazee, kisha huwaacha nyumbani. Wazee hao walipofuatiliwa, wengi walihitaji msaada wa dharura tena ndani ya wiki chache. Kwa nini? Kwa sababu kuanguka kunaweza kuwa dalili ya ugonjwa. Labda presha imeshuka baada ya kumeza vidonge, au sukari imeshuka. Labda ni malaria, nimonia, kiharusi, au macho tu hayaoni vizuri.

Kulala chini muda mrefu nako ni hatari. Misuli iliyobanwa hutoa sumu zinazoweza kuharibu figo. Na baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua!

Sasa ufanye nini?

1. Usimvute mikono. Muulize kwanza: "Shikamoo bibi, pole. Unaumwa wapi? Umegonga kichwa?"

2. Kama nyonga inauma sana, au mguu mmoja umekuwa mfupi na umegeukia nje, huenda mfupa umevunjika. Usimsimamishe, na usimpakie kwenye bodaboda. Mfunike blanketi, tafuteni gari alazwe, apelekwe hospitali.

3. Mdomo umepinda, mkono hauna nguvu, maneno hayaeleweki, au alizimia? Hospitali haraka.

4. Kama hana maumivu, mwache ajigeuze ubavu, apige magoti, ashike kiti, ainuke polepole.

5. Akishakaa, uliza: Ulianguka saa ngapi? Ulihisi kizunguzungu? Ni mara ya ngapi? Unatumia dawa gani? Mpeleke zahanati na dawa zake zote, wampime presha na sukari.

Kama aligonga kichwa, hasa akitumia dawa za kuzuia damu kuganda, apimwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama anaonekana mzima. Damu inaweza kuvuja ndani polepole. Akianza kutapika, kusinzia ovyo au kuchanganyikiwa, hata baada ya siku kadhaa, mrudisheni mbio.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi ni wazee.

Jadilini kundini: mtaani kwenu, mzee anayeishi peke yake akianguka usiku, nani atajua?