Mpangilio wa Baiti Katika Lugha ya C

Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, humruhusu mwandishi wa programu kufunga data za aina mbalimbali katika furushi moja liitwalo strakti. Chukua mfano wa strakti yenye herufi moja (baiti 1) ikifuatwa na namba kamili (baiti 4). Mwanafunzi atajumlisha apate 5. Katika kompyuta nyingi jibu ni 8, kwa kuwa kompaila huacha baiti 3 tupu baada ya herufi, ili namba ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 4, ambako prosesa huisoma kwa wepesi.

Nafasi hizo hazidhuru maadamu data zimo ndani ya kompyuta moja. Matata huanza strakti nzima inaposukumwa katika soketi, yaani mlango wa programu kuingilia mtandaoni. Kompyuta ipokeayo yaweza kuacha nafasi kwa namna nyingine. Tena, baadhi ya kompyuta hutanguliza baiti yenye thamani ndogo, na nyingine ile yenye thamani kubwa. Namba 1 iliyotumwa kama 01 00 00 00, ikisomwa kwa kutanguliza thamani kubwa, huwa 16,777,216. Ikiwa ni shilingi, mtu ametajirika ghafla, na wala kompyuta haitatoa onyo.

Itifaki za intaneti hutanguliza thamani kubwa. Kwa hiyo mtumaji huipitisha namba katika htonl, na mpokeaji katika ntohl. Kila sehemu huandikwa peke yake katika bafa: herufi kwenye baiti ya 0, namba kuanzia baiti ya 1. Hapo zile baiti 5 za mwanafunzi hutimia.