SOMO: Kabla ya kufika tribinali, tujue karatasi gani ya kuomba



Mara nyingi ugomvi wa kilo unaanza nyuma ya kuuzisha. Tuseme tumepeleka kahawa ya parche kilo 2 400, na mununuzi analipa kilo 2 100. Anasema: «Kahawa yenu ilikuwa mbichi, ikapunguka kwangu.» Daftari ya mizani iko kwake. Tufanye nini?

1. Tuhesabu kwanza
Tuseme kahawa ilifika na maji 16 kwa mia, naye akaikausha mpaka 12 kwa mia. Ile sehemu kavu haipotei: 2 400 × 84 : 100 = kilo 2 016. Ikiwa na maji 12 kwa mia: 2 016 : 88 × 100 = kilo 2 291. Basi maji yameondoa kilo 109. Zinabaki kilo 191 zenye maji hayaelezi. Hizo njo za kuulizia.

2. Tuandike barua
Tuweke tarehe, na mwenye kuipokea asinye juu ya kopi yetu. Tuombe vitu vinavyojulikana: ukurasa wa daftari ya mizani wa siku ile, karatasi ya kipimo cha maji, na bordero ya kuingia depo.

3. Kama anakataa
Mimi ni agronome, si avoka, lakini hii kila memba aijue. Inchi yetu iko ndani ya OHADA tangu 2012. Sheria ya OHADA inamulazimisha mufanyabiashara kuchunga vitabu vya biashara. Kesi ikiwa mbele yake, juji anaweza kuagiza vitabu vile vionyeshwe, hata kama hakuna mwenye aliomba. Lakini anaangalia mule mambo ya ule ugomvi tu. Kwa hiyo tusiombe «vitabu vyote». Tutaje siku, loti na karatasi.

4. Tusilale
Mwenye kudai njo anapaswa kuonyesha ushuhuda. Kama daftari ya mununuzi inapotea, tutabaki na yetu tu. Kila siku ya mizani tuandike bordero mbili: tarehe, hesabu ya mifuko, kilo, maji kwa mia. Pande zote mbili zisinye, kila mumoja abaki na yake. Kama mununuzi hataki kusinya, gari lisipakie kwanza.

Tena tupime faida: kama avoka na safari vinapita bei ya kilo 191, afazali kupatana, hesabu yetu ikiwa mukononi.

Kazi ya mukutano unaokuja: sekretere alete bordero za mavuno yaliyopita. Tuhesabu pamoja ngapi ziko na sinyatire mbili. Zenye hazina, tungezionyesha juji namna gani?